Dola 10,000 kwa Roho Mbili

Marty ana baa huko Texas, na amegundua kwamba mkewe, Abby, anatembea na Ray, mhudumu wa kaunta ya baa hiyohiyo. Anamwita tena mpelelezi binafsi, Visser, aliyemletea picha za ushahidi, na kumpa kazi ya pili: awaue wote wawili. Bei wanayokubaliana ni dola 10,000, yaani dola 5,000 kwa kichwa. Filamu inayosimulia kisa hiki, Blood Simple, iliyotengenezwa na ndugu wawili, Joel na Ethan Coen, na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1984, iligharimu dola milioni 1.5 hivi. Kwa maneno mengine, bei ya mauaji ndani ya hadithi haifiki asilimia moja ya bei ya kuisimulia hadithi yenyewe.

Maneno “bajeti ndogo” yamechakaa. Kila anayetoka na filamu isiyo na mastaa huyataja, na msikilizaji habaki na fununu yoyote: ndogo kiasi gani, ndogo mbele ya nani, na pengo lililoachwa na fedha lilizibwa na nini. Blood Simple inafaa kuchambuliwa kwa sababu namba zake nyingi ziko wazi, na pia kwa sababu ni filamu ya watu wanaopiga hesabu vibaya tangu mwanzo hadi mwisho.

Tuanze na ukubwa. Dola milioni 1.5 za mwaka 1982, filamu ilipopigwa, ni kama dola milioni 4.9 kwa bei za mwaka 2024. Kwa viwango vya ubadilishaji vya mwaka huo, hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 11 za Tanzania, au zaidi ya shilingi milioni 600 za Kenya. Mtayarishaji wa Dar es Salaam au Nairobi akisikia hivyo atacheka, na ana haki ya kucheka. Kwake hiyo si bajeti ndogo hata kidogo.

Udogo wake unaonekana ukiiweka kwenye meza ya Hollywood, ambako katikati ya miaka ya 1980 filamu ya kawaida ya studio kubwa ilizidi dola milioni 10. Lakini wastani wa jumla unachanganya filamu za anga za juu na vichekesho vya vijana, kwa hiyo kipimo cha haki zaidi ni filamu ya mwaka 1981 ya Lawrence Kasdan, Body Heat. Hii nayo ni ya mapenzi ya wizi na mauaji: wakili wa Florida, mke wa tajiri, na mume anayetakiwa kuondoka duniani. Body Heat iligharimu dola milioni 9 hivi na ina dakika 113. Gawanya: karibu dola 79,600 kwa kila dakika inayoonekana kwenye kioo. Blood Simple ina dakika 99, na kila dakika iligharimu takriban dola 15,150. Kisa kinafanana, giza ni lilelile, jasho ni lilelile, lakini bei imepungua zaidi ya mara tano.

Ni rahisi kudhani tofauti hiyo ilikwenda kwa mastaa. Haikuwa hivyo. Kati ya waigizaji wakuu wa Body Heat, Kathleen Turner ndiyo kwanza alikuwa anaingia kwenye sinema, na William Hurt alikuwa na filamu chache tu mkononi. Kinachopandisha bei ya filamu ya studio ni studio yenyewe: mishahara ya viwango vya vyama vya wafanyakazi, ofisi, wanasheria, bima, magari, na wasimamizi wa wasimamizi. Akina Coen hawakuwa na kitu cha kuwalipa watu hao, na Texas, jimbo ambalo sheria zake hazimlazimishi mfanyakazi kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi ili apate kazi, liliwarahisishia kufanya kazi na kikosi kidogo. Joel alilijua jimbo hilo. Alikuwa amesoma filamu kwa muda mfupi katika Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, na maeneo ya Austin ndiko walikopiga picha.

Fedha zilipatikana kwa njia ambayo kwangu inavutia kuliko kiasi chenyewe. Joel alikuwa msaidizi wa mhariri katika The Evil Dead, filamu ya kutisha ya Sam Raimi ya mwaka 1981. Raimi, kijana wa Michigan, alikuwa amechangisha mtaji wake kwa watu wa kwao: madaktari, wafanyabiashara, watu wenye akiba ambao hawakuwa na uhusiano wowote na Hollywood. Siri yake ilikuwa kwamba hakuwafuata na karatasi bali na picha zinazocheza ukutani. Akina Coen wakaiga. Kabla filamu haijakuwepo, walipiga kionjo cha dakika chache: mtu anaburuta koleo barabarani usiku, risasi zinatoboa ukuta na miale ya taa inapenya kwenye matundu. Wakamtumia Bruce Campbell, mwigizaji wa Raimi. Barry Sonnenfeld, mpiga picha wao, amesimulia kwamba kamera waliikodi kwenye wikendi ndefu ya sikukuu, ili walipe kodi ya siku moja na kukaa nayo siku kadhaa.

Halafu wakarudi nyumbani kwao Minneapolis, wakaanza kubisha hodi, wakiwa wamebeba projekta. Wakati huo Joel hakuwa ametimiza miaka 28 na Ethan alikuwa na 24. Huyu wa pili aliwahi kuchapa takwimu kwa taipureta katika duka la Macy’s, New York, kazi ambayo sijui kama ilimfundisha chochote kuhusu mauaji lakini bila shaka ilimzoesha safu za namba. Mmoja wa wawekezaji wa mwanzo, Daniel Bacaner, aliwafungulia milango ya wengine na jina lake likaingia kwenye filamu kama mtayarishaji mtendaji. Zoezi lilichukua miezi mingi, na mwishowe wawekezaji walikuwa sitini na kitu. Tukichukua 65 kama mfano, na tukisema fedha yote ilitoka mifukoni mwao, kila mmoja aliweka wastani wa dola 23,000. Hayo yalikuwa karibu mapato ya mwaka mzima ya familia ya kawaida ya Kimarekani mwaka 1982. Kwa hiyo tusiseme hawa waliokota chenji. Mtu aliweka mshahara wa mwaka kwenye filamu ya vijana ambao hawajawahi kutengeneza filamu, kwa sababu ya dakika chache za ukutani.

Sasa, kwa nini uzinzi na mauaji? Kwa sababu ni hadithi yenye watu wachache kuliko karibu hadithi nyingine yoyote ya uhalifu. Wizi wa benki unataka benki, genge, polisi na magari ya kufukuzana. Mafia wanataka familia nzima. Usaliti wa ndoa unataka mume, mke na mchepuko. Ongeza muuaji, na una filamu. Blood Simple ina wahusika watano wa maana, wa tano akiwa Meurice, mhudumu mwenzake Ray. Maeneo nayo yanahesabika kwa vidole: baa na ofisi ya nyuma, nyumba ya Ray, nyumba ya Marty, chumba alichopanga Abby, barabara, shamba. Wafaransa walipoanza kuzisifia filamu za namna hii mnamo 1946, waliona kivuli kama mtindo. Mtayarishaji huona kitu kingine: eneo lisiloangazwa halihitaji kupambwa.

Hapo lazima niwaonye wanaoandaa filamu zao. Giza si bure. Kupiga usiku kunataka taa kubwa, jenereta, chakula cha saa sita za usiku na watu waliochoka, na mtu aliyechoka hurudia kazi. Akina Coen walilitatua hilo kwa kuchora. Walichora kila shoti kwenye karatasi kabla ya kamera kuwashwa, wakajua ukuta upi utaonekana na upi hautaonekana, na wapi taa moja inatosha. Fikiria ile sehemu ya mwisho ambapo Visser anapiga risasi ukutani na miale inaingia kwenye chumba cha giza. Ni picha inayokumbukwa na kila aliyeiona filamu. Kinachohitajika ni ukuta wa mbao, matundu, na taa kali upande wa pili.

Kuchora kabla kuliokoa pia kitu ambacho vijana wa leo wenye kamera za dijitali hawakijui uchungu wake: mkanda. Filamu ya milimita 35 hupita kwenye kamera kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, futi 90 kwa dakika. Filamu ya dakika 99 ina futi 8,910, yaani kilomita 2.7 za mkanda na picha 142,560, moja baada ya nyingine. Hiyo ni ile iliyobaki baada ya kukatwa. Chukua mfano wa mwongozaji anayepiga dakika kumi ili apate moja anayoitaka: atapitisha kilomita 27, na kila mita atailipia mara tatu, kuinunua, kuisafisha maabara, na kuchapa nakala ya kutazama. Akiwa mlegevu kidogo na kufika ishirini kwa moja, zinakuwa kilomita 54 bila filamu kurefuka hata kwa sekunde. Katika kazi ya bajeti hii, penseli ilikuwa kifaa cha fedha.

Vitu vingine vilitatuliwa kwa mikono. Kwa shoti moja ambapo kamera inakimbia juu ya nyasi kuwaelekea Marty na Abby, hawakukodi mashine. Walitumia mbinu ya Raimi: kamera inafungwa katikati ya ubao mrefu, watu wawili wanashika ncha, wanatimua mbio.

Kwa waigizaji, fedha ilitumika kwa kuchagua. M. Emmet Walsh, mkongwe wa sura ngumu ambaye nafasi ya Visser iliandikwa kwa ajili yake, alikubali, lakini alitaka alipwe kila wiki, tena taslimu. Sikulaumu, mzee, vijana wawili wasiojulikana wanasema wana hela. Holly Hunter hakuweza kuchukua nafasi ya Abby, akamdokezea aliyekuwa akiishi naye, Frances McDormand, ambaye hakuwa amewahi kucheza filamu. Sauti ya Hunter bado imo, kwenye mashine ya kupokelea simu, bila jina lake kuandikwa. Mtunzi wa muziki, Carter Burwell, naye alikuwa anaanza. Sonnenfeld hakuwa amewahi kupiga filamu ndefu ya milimita 35. Miaka kumi na mitano baadaye angeongoza Men in Black, iliyogharimu karibu dola milioni 90. Ukiwahesabu kwa bei ya baadaye, kikosi hiki kisingeweza kununuliwa na mtu. Kilipatikana kwa bei ile kwa sababu soko lilikuwa halijawaona.

Linganisha na mama wa filamu hizi zote, Double Indemnity ya Billy Wilder, 1944. Nayo iligharimu chini ya dola milioni moja, lakini waigizaji wake wakuu watatu, Barbara Stanwyck, Fred MacMurray na Edward G. Robinson, walilipwa dola 100,000 kila mmoja. Karibu theluthi ya gharama yote iliishia kwenye nyuso tatu. Akina Coen hawakuwa na uso hata mmoja wa kuuza. Walikuwa na kisa na namna ya kukitazama.

Na kuna ulinganisho mwingine ambao unanikaa kichwani. Katika Double Indemnity, mume aliyekufa ana thamani ya dola 100,000, kwa kuwa bima ya dola 50,000 hulipa mara mbili kwa ajali za aina fulani. Kwa bei za 1984, hizo ni kama dola 590,000. Marty anamtathmini mkewe kwa dola 5,000. Bei ya maiti imeshuka zaidi ya mara mia moja ndani ya miaka arobaini, na naamini ushukaji huo ndio umbali halisi kati ya sinema za giza za zamani na hizi mpya. Wale wa zamani waliua kwa tamaa kubwa, wakiwa na mpango uliokunjwa vizuri na ratiba ya treni. Hawa wa Texas wanaua kwa fedha inayotoshea kwenye bahasha, na hakuna mmoja anayejua mwenzake amefanya nini.

Tazama hesabu ya Visser. Ameahidiwa dola 10,000 kwa kuua watu wawili walio hai, wenye nguvu, katika nyumba ambamo kuna bastola. Badala yake anaingia usiku, anaiba bastola ya Abby, anawapiga picha wapenzi wakiwa wamelala, kisha anaichezea picha hadi waonekane wamekufa. Anampelekea Marty picha, anapokea fedha, anampiga risasi mlipaji kwa bastola ya mkewe. Auaye mmoja amepunguza kazi kwa nusu, na mashahidi pia. Ukiitazama kwa jicho la mtayarishaji, Visser anafanya biashara ileile ya akina Coen: anauza picha ya mauaji bila kuingia gharama ya mauaji, na mteja analipa kwa sababu ya picha. Sidhani kama hilo limetokea kwa bahati. Vijana waliozunguka Minneapolis wakiuza kionjo cha filamu isiyokuwepo walijua vizuri kwamba picha nzuri hufungua sefu.

Bastola yenyewe ina risasi tatu tu, na filamu inazitunza kama mhasibu. Ya kwanza inampata Marty. Ya pili inafyatuka yenyewe Ray anapoikanyaga sakafuni, akiwa ameukuta mwili na kudhani Abby ndiye muuaji. Ya tatu inasubiri hadi dakika za mwisho. Katikati, Marty ambaye hajafa sawasawa, akiwa kaburini, anamlenga Ray anayemzika, anavuta kifyatuo, na anakutana na matundu matupu. Sehemu ile ya maziko inakwenda dakika kadhaa karibu bila neno. Mtu, gari, koleo, udongo: ni miongoni mwa sehemu zilizohitaji vitu vichache kabisa, na ndiyo bora kuliko zote.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hapa upishi haukuvunjika, lakini ulichelewa sana, na ucheleweshaji huo hauonekani kwenye ile dola milioni 1.5. Kionjo kilipigwa mapema mwaka 1982. Filamu ilipigwa kwa wiki nane, vuli ya mwaka huohuo. Uhariri ulikula karibu mwaka, akina Coen wakikata wenyewe pamoja na Don Wiegmann na kujificha nyuma ya jina la mhariri wa kubuni, Roderick Jaynes. Filamu iliingia tamasha la Toronto Septemba 1984, studio kubwa zikaikataa, kampuni ndogo ya Circle ikaichukua, na kumbi za Marekani ziliipokea Januari 1985. Kwa wiki nane za kupiga picha, ni miaka mitatu ya maisha ya watu wawili. Studio ingelipia miaka hiyo. Wao walijilipa kwa matumaini, na matumaini hayaandikwi kwenye daftari la mahesabu.

Je, ililipa? Mwezi huohuo wa Januari 1985 ilishinda tuzo kuu ya majaji kwenye tamasha la Utah ambalo leo linaitwa Sundance. Mwaka uliofuata, katika tuzo za kwanza za Independent Spirit, Walsh alishinda kama mwigizaji bora, na Joel akagawana tuzo ya uongozaji na Martin Scorsese. Milangoni ilikusanya takriban dola milioni 2.15 Marekani. Wengi huona 2.15 ikizidi 1.5 na kusema faida. Hapana. Kwa desturi ya biashara hiyo, ukumbi hubaki na karibu nusu ya tiketi. Inayobaki ni kama milioni 1.07, na humo msambazaji anakata chake pamoja na nakala na matangazo. Kwa tiketi za nyumbani pekee, wale sitini na kitu wa Minneapolis hawangeweza kurudishiwa mtaji wao. Ilibidi kanda za video, televisheni na mauzo ya nje zifanye kazi iliyobaki.

Na hata kanda ilikuja na bili yake. Filamu inatumia wimbo wa Four Tops, na haki za kuutumia ukumbini hazikuwa haki za kuutumia kwenye video. Toleo la kanda likatoka na wimbo mwingine, wa Neil Diamond, umepachikwa mahali pake. Mtayarishaji yeyote anayesoma hapa na kuweka wimbo wa msanii mkubwa kwenye filamu yake kwa ruhusa ya mdomo, asimame hapo na kusoma tena aya hii.

Faida kubwa ilikuja kwa mlango mwingine. Circle iliendelea nao kwenye Raising Arizona, 1987, iliyokusanya zaidi ya dola milioni 22 Marekani. Mwaka 1996 walirudi kwenye mume mjinga anayekodi wahalifu, safari hii kwenye theluji ya Minnesota: Fargo iligharimu dola milioni 7 hivi, ikakusanya karibu milioni 60 duniani, na kumpa McDormand tuzo ya Oscar. Mwaka 2009 Zhang Yimou aliitengeneza upya Blood Simple nchini China, baa ikawa duka la tambi.

Filamu ya kwanza yenyewe ilirudishwa kumbini mwaka 2000, ikiwa imepunguzwa dakika tatu hivi na wimbo wa Four Tops ukiwa mahali pake. Ilikusanya takriban dola milioni 1.7 nyingine, zaidi ya gharama yake yote ya awali. Lakini dola ya mwaka 2000 ilinunua kama asilimia 56 tu ya kile ilichonunua 1982, kwa hiyo kwa thamani halisi hizo zilikuwa chini ya milioni moja, na nusu yake, kama kawaida, ilibaki kwa wenye kumbi.